Hati Iliyogusa Kifua cha Mkuu wa Wilaya

Mlango wa kwanza ambao Lesian aliuvunja kwa jina la mahakama ulikuwa wa mwalimu mstaafu, kule Kijenge. Ulikuwa mlango wa mninga, mzito, na mwalimu alikuwa ameusukumia kabati kwa ndani. Lesian aliupiga nyundo mpaka fremu ikaachana na ukuta. Mlango ulipoanguka, stuli ilitoka ndani ikiruka, ikampasua juu ya jicho la kushoto. Damu ikaziba jicho. Hakurudi nyuma. Alimshika mwalimu kwa mkanda wa suruali, akamtoa nje kama mtu anayetoa gunia la mahindi, akamweka barabarani kando ya makochi yake, kisha akaenda kunawa damu kwenye bomba la huyohuyo mwalimu.

Kovu lile analo mpaka leo. Akiulizwa alilipatia wapi, husema, "Kazini."

Kazi yenyewe ilikuwa kwa mzee Abdiel, dalali wa mahakama. Mahakama ikishaamua kwamba nyumba ni ya fulani na aliyemo ndani atoke, na aliyemo ndani akagoma kutoka, basi mzee Abdiel ndiye anayetumwa kwenda kumtoa. Alikuwa Mchaga wa Machame na mzee wa kanisa. Jumapili alipitisha kikapu cha sadaka, Jumatatu akapakia makabati ya watu. Pikapu yake ikipinda kona na vijana nyuma wameshika mitalimbo, mtaa mzima ulinyamaza, kila mmoja akimwomba Mungu ipite mlango wake.

Lesian ndiye aliyewasimamia vijana hao. Alikuwa Mwarusha wa Nduruma, mpana wa mabega, mfupi wa maneno. Miaka yote aliyofanya kazi hiyo alipigwa mawe, akamwagiwa uji wa moto, akakatwa panga la mkono na mwanamume ambaye baadaye alimlowesha shati kwa machozi akiomba msamaha. Naye alipiga. Alivunja pua, aling'oa milango, aliwahi kumbeba bibi harusi wa mtu na gauni lake. Usiku alilala usingizi wa mtoto.

Alilala kwa sababu aliamini. Alikuwa amemtoa mchungaji kwenye nyumba. Alikuwa amemtoa tajiri wa malori, mbele ya wake zake wawili. Alikuwa amemtoa ofisa mstaafu wa polisi aliyemwelekezea bastola, na bastola ile ikashuka yenyewe mwenye nayo aliposoma muhuri. Kwa Lesian, karatasi ile yenye muhuri haikuwa na shemeji wala mjomba. "Bila hiyo karatasi," aliwaambia vijana wake, "sisi ni majambazi tu. Tofauti yetu na majambazi ni kwamba hii inamfikia kila mtu."

Na jinsi ya kuifikisha, mzee Abdiel alimfundisha tangu siku ya kwanza. "Mpe mkononi. Akikataa, mguse nayo mwilini mbele ya mashahidi, useme imekufikia. Ikishagusa ngozi yake, mwanangu, imefika. Hata akiichana, imefika."

"Akiimeza je?"

"Imefika ndani zaidi."

Na kweli kuna bwana mmoja wa Elerai aliwahi kuitafuna hati nzima na kuishushia na gongo. Alitolewa nyumbani kesho yake huku tumbo likimuuma.

Sasa basi, kule Nduruma alikozaliwa Lesian, kulikuwa na shamba la mkonge la zamani lililotelekezwa na mwenyewe. Watu walilima humo wakazaa na kuzikana. Mmoja wao alikuwa mama mjane anayeitwa Silantoi. Mume wake alikuwa rika moja na baba yake Lesian, na kwa Waarusha, rika la baba yako ni baba zako na wake zao ni mama zako. Kwa hiyo Lesian alimwita yeyo, yaani mama, na alimaanisha. Baba yake alipokufa, ni kwenye nyumba ya Silantoi alikokula mpaka akaota ndevu.

Siku moja ikatangazwa kwamba Rais ameifuta hati ya shamba lile, kwa kuwa mwenye nalo alilitelekeza, na ardhi imerudi serikalini. Watu walichinja mbuzi. Walidhani imerudi kwao. Mbuzi hajaisha kuliwa, mkuu wa wilaya akaja kuwaambia ardhi ina mwekezaji, wao ni wavamizi, wahame kabla ya Ijumaa.

Silantoi hakuhama. Alimtafuta wakili, binti mmoja wa Kijenge anayeitwa Irine, na Irine akaandika usiku na mchana mpaka jaji akatoa zuio: mkuu wa wilaya asibomoe chochote mpaka kesi isikilizwe. Alhamisi jioni Irine aliingia na zuio hilo ofisini kwa mzee Abdiel, viatu mkononi, amekimbia.

Mzee Abdiel aliisoma hati akiwa ameketi. Alipofika kwenye jina, akasimama.

"Mae! Mkuu wa wilaya?"

"Ndiye, mzee wangu."

"Binti, mimi nina leseni ya kulinda. Hawa watu hawapelekewi karatasi na pikapu. Tafuta namna nyingine."

"Namna gani? Tingatinga linakuja kesho asubuhi."

Mzee Abdiel alitazama dirishani, kule Mlima Meru ulikokuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni, kana kwamba mlima ungemjibia. Lesian aliunyoosha mkono, akaichukua hati mezani.

"Ina muhuri?" aliuliza.

"Inao," alisema Irine.

"Basi imefika."

Alfajiri alikuwa Nduruma. Silantoi alikuwa uani anakoroga loshoro ya mahindi na maziwa mgando, kana kwamba ni siku kama siku nyingine.

"Takwenya, yeyo," alimsalimu.

"Iko. Kula kwanza." Alimwekea bakuli. "Hiyo karatasi yako, ina meno?"

"Ina meno, yeyo. Nimeiona ikiuma wakubwa."

"Wakubwa kama nani?"

"Kama yeyote."

Silantoi alitazama nyumba yake: matofali ya kuchoma, bati lililoanza kushika kutu, na pembeni kaburi la mume wake lililosakafiwa. "Nikiondoka hapa," alisema, "nani atamkatia huyu majani?"

Bakuli halijaisha, wakaja. Difenda mbili za askari, lori la mgambo wenye virungu, gari jeupe la mkuu wa wilaya, na nyuma yake tingatinga la njano likinguruma na kutikisa vikombe kabatini. Mkuu wa wilaya alishuka. Alikuwa kijana bado, suti ya kaki imepigwa pasi ikakata. Lesian akamwendea na hati mbele, kama alivyomwendea kila mtu maishani.

"Shikamoo mheshimiwa. Natoka mahakamani. Nina amri ya jaji ya kusimamisha ubomoaji."

"Jaji ana tingatinga?"

Askari walicheka. Lesian hakucheka.

"Hana, mheshimiwa. Ana amri."

"Sikiliza, bwana mkubwa. Ardhi hii hati yake kaifuta Rais. Wewe unaniletea kikaratasi cha kumzuia Rais?"

"Jina lililomo humu ni lako, mheshimiwa. Rais hayumo."

"Mimi hapa ndiyo Rais!" Alijipiga kifua. "Wilaya hii nimesimama badala yake. Ukinigusa mimi umemgusa yeye." Kisha akaweka mikono yote miwili nyuma, asipokee.

Hapo ndipo Lesian alipofanya kosa ambalo ni mtu wa dalali tu anaweza kulifanya. Mtu mwingine yeyote angeitupa hati chini akimbie. Yeye alimwona mtu aliyekataa kupokea, na kwa mtu aliyekataa kupokea kazi ni moja. Akapiga hatua, akaiweka hati juu ya kifua cha ile suti ya kaki, akaikandamiza kwa kiganja, akasema kwa sauti, "Imekufikia. Mashahidi mmeona."

Mkuu wa wilaya alikitazama kile kiganja kifuani pake.

Kisha kitako cha bunduki kilimpata kwenye taya. Alisikia jino likivunjika kabla ya kusikia maumivu. Alianguka ubavu, na buti la kwanza likaingia mbavuni, la pili mgongoni, halafu hakujua tena lipi la nani. "Anampiga mheshimiwa!" mtu alipiga kelele. "Anampiga mheshimiwa!" Virungu vikashuka kichwani, magotini, kwenye viwiko. Lesian alijikunja kama alivyowaona wengine wakijikunja mbele yake miaka yote ile. Hati ilikuwa chini ya uso wake, inalowa damu. Muhuri ulikuwa bado unaonekana.

Silantoi alijipenyeza kati ya buti. Aling'oa majani mabichi kando ya mfereji, fungu zima na udongo wake, akayasukumia kwenye mkono wa kushoto wa Lesian, akauinua mkono ule juu kwa mikono yake miwili.

Kirungu kilichokuwa kinashuka kikasimama hewani. Aliyekishika alikuwa mgambo kijana, Lemburis, mtoto wa kata hiyohiyo. Tangu Waarusha walipoanza kupigana wao kwa wao mpaka leo, mtu aliyeshika majani hapigwi. Hata kama kakuulia ndugu, akishika majani unashusha silaha, mnakaa mnazungumza. Hakuna karatasi iliyoandikwa hivyo. Lemburis akashusha kirungu. Wenzake wawili wakashusha.

"Piga!" alifoka mlinzi wa mkuu wa wilaya.

"Ameshika majani, afande."

"Majani ndiyo nini? Wewe mbuzi? Piga!"

"Afande, mtu mwenye majani sipigi."

Mlinzi alimzaba Lemburis kofi lililomwangusha kofia, akamnyang'anya kirungu. Yeye hakuwa wa huko, na majani kwake yalikuwa majani. Alimpiga Silantoi kwenye vifundo vya mikono mpaka akauachia ule mkono. Kisha akamgeukia Lesian. "Ni mkono upi uliomgusa mheshimiwa? Huu?" Akaulaza mkono wa kulia juu ya jiwe, akapanda juu yake na buti, akazunguka kama mtu anayezima sigara.

Hakuna aliyeamuru tingatinga liende. Lilikwenda tu. Lilisukuma ukuta wa jikoni, na ukuta ukakubali bila ubishi. Bati likajikunja likipiga mayowe, boriti zikakatika, kitanda kikatokeza kwenye vumbi na shuka lake la maua, kikazama tena. Dereva alirudi nyuma kujipanga vizuri, na minyororo ikapita juu ya kaburi. Saruji ilipasuka kama mfupa. Silantoi hakulia. Alitoa sauti moja fupi, ya mtu aliyechomwa mwiba, basi.

Mkuu wa wilaya alijipangusa kifuani kwa leso. Palikuwa na alama ndogo ya kiganja, jasho tu. Alipangusa mara nyingi.

Irine hakukata tamaa. Alirudi mahakamani kuomba mkuu wa wilaya afungwe kwa kudharau amri. Lesian alikwenda kutoa ushahidi, mkono wa kulia ndani ya plasta, taya imefungwa, akazungumza kwa meno yaliyobaki. Alieleza jinsi alivyoifikisha. Alijua ushahidi wake hauna tundu. Mkuu wa wilaya hakuja. Alikuja wakili wa Serikali, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto alale.

Wakili yule hakubisha hata kofi moja. Alisema tu kwamba kufuta hati ni tendo la Rais. Mkuu wa wilaya alikuwa anatekeleza tendo hilo, hakuwa na lake. Rais haitwi kizimbani. Anayedai amedhurika na tendo lake hamshitaki yeye, anamshitaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali, tena baada ya kutoa taarifa na kungoja miezi mitatu. Na Serikali haiwekewi zuio, mahakama inaweza tu kutamka haki ni ya nani. Kwa hiyo amri ile ilitolewa kimakosa, na amri ya kimakosa imfunge nani?

Jaji alisoma uamuzi haraka haraka, macho hayainuki. Alikubaliana na Serikali. Aliifuta amri yake mwenyewe. "Mahakama hii inasikitika kwa yaliyotokea," alisema, "lakini haina mamlaka ya kufika huko."

Nje, kwenye ngazi, Lesian alimshika Irine mkono wa gauni.

"Dada, nieleze taratibu. Nani kavunja nyumba ya yeyo?"

"Kisheria ni tendo la Rais."

"Basi tumshitaki Rais."

"Hashtakiwi, Lesian. Katiba imesema. Akiwa madarakani hashtakiwi kwa kosa la jinai, na akitoka hashtakiwi kwa aliyoyafanya kwa cheo chake."

"Mkuu wa wilaya je?"

"Alikuwa anatekeleza ya Rais."

"Kwa hiyo anabaki Mwanasheria Mkuu. Yeye ndiye aliyekuwa amepanda tingatinga?"

Machozi yalimtoka Irine, ya hasira. Silantoi, mikono yake imevimba mpaka vidole havikunjiki, aliwatazama wote wawili.

"Nimeelewa," alisema. "Nyumba yangu ilianguka yenyewe."

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, na haki yake mpeni. Sisi nchi hii tumejifunza nusu ya kwanza tukaifanya vizuri. Kinga ya Rais ilitungwa ili mtu mmoja aliyebebeshwa nchi asisumbuliwe na kila mwenye kisirani. Haikutungwa ili kila mwenye suti ya kaki ajifunike humo kama shuka la wageni. Lakini shuka hilo ni pana, na anayelala chini yake ana bunduki.

Wiki hiyohiyo mzee Abdiel alimwita Lesian. "Mwanangu, plasta si ugonjwa. Wewe simamia tu, vijana watavunja." Akampa hati. Nyumba moja Elerai: mjane anayeitwa Evaresta, mshona nguo, ameshindwa kesi na shemeji yake, atoke. Lesian alitazama chini ya hati. Sahihi ilikuwa ya jaji yuleyule.

Evaresta alikuwa ndani, cherehani bado inazunguka. Alikataa kupokea. Lesian akamgusa nayo begani, kwa mkono wa kushoto, akasema imekufikia. Mwanamke yule akanywea kama aliyeguswa na kaa la moto. Akapiga magoti. "Kaka, nipe mpaka kesho. Nitakwenda wapi na saa hizi?"

Evaresta hakuwa na mlinzi. Hakuwa na mkubwa ambaye angesema amemtuma. Karatasi ilikuwa imemfikia mpaka kwenye mfupa, bila kupingwa na hata mbwa.

Nyuma ya Lesian, Lucky, kijana wake hodari kuliko wote, alikuwa ameshapiga nyundo ya kwanza kwenye bawaba.

"Acha," alisema Lesian.

"Bosi, amri hiyo."

"Nimesema acha."

"Oya, leo umeokoka?" Lucky alicheka, akapiga tena. Bawaba ikalia.

Lesian alimpiga kwa plasta. Ilimpata kwenye mdomo, na wote wawili wakatoa mlio, Lucky kwa meno, Lesian kwa mifupa iliyovunjika upya. Alichukua mtalimbo kwa mkono wa kushoto. Kijana wa pili alipomrukia alimpiga nao paja, akakaa chini akilia mama. Wa tatu akakimbia. Lesian akaifuata pikapu, akapasua kioo cha mbele, akapasua taa, akakunja boneti aliyoiosha mwenyewe kila Jumamosi. Mzee Abdiel alikuwa ndani, ameinamisha kichwa chini ya usukani, anasali kwa Kichaga. Kisha Lesian akarudi kusimama mlangoni kwa Evaresta, anahema, damu inachuruzika kwenye plasta.

"Kaka," alisema Evaresta nyuma yake, "wewe ni upande gani?"

Lesian alikuwa na mtalimbo.

Difenda ilikuja upesi sana. Walimwangusha hapohapo kizingitini, wakampiga mpaka akauachia mtalimbo, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumletea majani. Kabla jua halijatua, cherehani ya Evaresta ilikuwa barabarani.

Walimfikisha mbele ya jaji yuleyule kwa kosa la kuzuia amri ya mahakama kutekelezwa. Mzee Abdiel alitoa ushahidi bila kumtazama. Jaji safari hii aliinua macho, na sauti ilikuwa imemrudia. Alisema mahakama haiwezi kuvumilia dharau. Alisema amri ya mahakama ni amri, na mtu awaye yote atakayesimama mbele yake atavunjwa na sheria. Akampa kifungo cha miezi sita.

"Una la kusema?"

Lesian aligeuka. Kwenye benchi la nyuma alikaa Silantoi, shuka jipya begani, vidole vyake vilivyopinda vimelazwa mapajani. Akamrudia jaji. Alizungumza taratibu kwa sababu ya taya, na alizungumza kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa kitu alichokuwa akikitafuta siku nyingi.

"Mheshimiwa jaji," alisema, "kumbe unaweza."